Mwanangu kapewa OCS na anaogopa kuprotesti, nifanyeje kabla ya mashindano?

Dada wa Kigamboni, asante kwa kuniandikia, swali lako nimelisoma mara mbili na naona wazazi wengi wana swali hilohilo ila wanaona haya kuuliza. Kwa wasomaji wengine kwa kifupi: dada ana kijana wa miaka 11, anaendesha Optimist, kile kiboti kidogo cha tanga cha watoto, kama mwaka mmoja sasa. Wiki mbili zilizopita kwenye resi ya mazoezi kavuka mstari wa kumalizia akiwa wa tatu, kashangilia, matokeo yalipobandikwa kakuta kaandikiwa OCS (kosa la kuwahi kuanza) na pointi 15. Resi iliyofuata akagongwa na mtoto mwenzie, akanyamaza, kochi akamwambia ulitakiwa uprotesti, yaani umlalamikie rasmi, mama akamwambia mwanangu achana na ugomvi wa watu. Sasa mashindano yenyewe ya siku mbili yanakuja, kapewa makaratasi yamejaa herufi na bendera, na anauliza OCS ndo nini, siku yenyewe inaendaje, na yeye mzazi asimame wapi.

Nitajibu yote ila naanza na la kugongwa, maana hapo dada yangu naomba nikupinge kwa heshima zote.

Kwenye mpira kuna refa na kipenga, mtoto akifanyiwa faulo anaangalia refa. Kwenye resi za matanga hakuna. Pale baharini kuna boti ya kamati inayopandisha bendera na kuandika nani kamaliza wa ngapi, lakini nani kamgonga nani, nani alitakiwa kumpisha nani, hilo wanaamua mabaharia wenyewe na mabaharia wenyewe ni hawa watoto wa miaka 9, 11, 13. Kitabu cha kanuni kinachotumika dunia nzima, kinachotolewa na World Sailing na kufanyiwa marekebisho kila baada ya miaka 4 (cha sasa ni cha 2025 hadi 2028), kinasema mapema kabisa kwamba mshindani anategemewa azifuate kanuni na azisimamie, na akivunja kanuni ajiadhibu mwenyewe papo hapo. Kwa hiyo mtoto akigongwa akanyamaza kanuni imeishia pale, hakuna mtu mwingine atakayekuja kumsemea. Kuprotesti sio ugomvi. Ni kama watu wawili wamepishana kauli wakasema basi twende kwa wazee wakatuamue, wakienda wanarudi wanakunywa kahawa pamoja.

Sasa ili aweze kusema lazima ajue haki yake ni ipi, na hapa wengi wanawachanganya watoto kwa kuwapa kanuni 20 kwa mara moja. Mwanzo zinatosha tatu na za kuongezea kidogo.

Ya kwanza, boti mbili zinakuja kila moja upepo unaipiga upande tofauti. Yule anayepigwa na upepo upande wa kulia ana haki, watoto wanaita yuko stabodi, yule anayepigwa upande wa kushoto yuko poti na lazima apishe. Mtoto wa miaka 11 kwenye mawimbi, maji yanamwingia machoni, hawezi kukaa anafikiri kulia ni wapi, kwa hiyo mimi huwa nabandika utepe kwenye ule mti wa chini ya tanga, upande wa kulia kijani, upande wa kushoto nyekundu. Akiwa stabodi amekaa upande wa kulia wa boti, uso wake unatazama utepe wa kijani, anapiga kelele "Stabodi!" na anaenda zake. Akiona nyekundu mbele ya uso wake anajua yeye ndo wa kupisha. Jaribu, dakika 5 tu kazi imeisha, na mtoto hasahau tena.

Ya pili, wote upepo unawapiga upande mmoja na wanakwenda sambamba, wa joshini ampishe wa demanini. Hii kwa watoto wa pwani ni rahisi, mjomba yeyote mwenye ngalawa atamweleza joshi ni upande upepo unakotokea na demani ni kule unakoelekea. Ya tatu, wa nyuma asimgonge wa mbele, hata dereva wa daladala anaijua.

Za kuongezea: anayebisha, yaani anayegeuza omo (mbele ya boti) kupita kwenye upepo, akiwa katikati ya kugeuka hana haki mpaka amalize na boti ishike mwendo wake. Na kwenye boya kuna eneo la urefu wa boti tatu kulizunguka, kwa Optimist yenye mita 2.3 hiyo ni kama mita 7 hivi, boti zikiingia humo zikiwa ubavu kwa ubavu basi wa ndani lazima apewe nafasi ya kuzunguka. Watoto wengi wanajua wa ndani ana haki, wasichojua ni kwamba huwezi kuja kwa nyuma ukajichomeka ndani dakika ya mwisho wakati mwenzio ameshaingia kwenye eneo akiwa mbele yako. Hapo ndo mayowe mengi yanapotokea. Halafu hata mwenye haki hatakiwi kugonga makusudi, kama anaweza kukwepa akwepe, haki yake haipotei kwa kukwepa.

Akigongwa au akinyimwa nafasi afanye hivi: palepale, sio baada ya dakika mbili, apaze sauti aseme "Protest" na aseme namba ya tanga la mwenzie. Neno ni hilohilo, sio "we vipi" wala "ntakusemea kwa kochi". Boti kubwa lazima zipandishe na bendera nyekundu lakini boti iliyo chini ya mita 6 haihitaji, sauti inatosha. Yule aliyeitwa akijua kakosa anajitoa pembeni mbali na wenzie mapema iwezekanavyo, anazunguka mara mbili mfululizo upande uleule, kila mzunguko ageuze kwa omo mara moja na kwa tezi (nyuma ya boti) mara moja, akimaliza anaendelea na resi, deni limelipwa. Aliyegusa boya anazunguka mara moja tu, na huyu hahitaji kuitwa na mtu, hata kama hakuna aliyemwona. Lakini kama umemuumiza mwenzio, au umemvunjia boti vibaya, mizunguko haitoshi, unatoka kwenye resi.

Na mwanao pia mfundishe upande huo wa pili, kwamba akikosea azunguke. Mimi mtoto aliyezunguka mara mbili akamaliza wa 12 namheshimu kuliko aliyekaza shingo akamaliza wa 2, na nasema hivi kwa sababu naona wazazi wanavyowapokea ufukweni, wa 2 anabebwa juu juu, wa 12 anaulizwa umefanya nini leo.

Kama aliyeitwa hakuzunguka, basi wakirudi nchi kavu mwanao anaomba fomu ya protest, anajaza, anachora vile viboti na mshale wa upepo, anairudisha kabla ya muda kuisha. Kitabu kinatoa saa 2 toka boti ya mwisho imalize lakini kwenye mashindano ya watoto mara nyingi maelekezo ya resi yanapunguza muda huo, na mengine yanataka akimaliza aiambie boti ya kamati palepale kwamba anamprotesti nani, kwa hiyo soma karatasi hiyo kwa makini, protest nyingi za watoto zinatupwa sio kwa sababu hazina haki, ni kwa sababu ya muda na kwa sababu neno "Protest" halikutamkwa.

Chumba cha kusikilizia protest kinatisha kwa jina tu. Ni meza, watu wazima watatu hivi, na viboti vidogo vya kuchezea vya kuonyeshea mambo yalivyokuwa. Kuna siku niliketi kwenye meza hiyo akaingia binti wa miaka kama 10, nywele bado zinachuruzika maji, kajifunga kanga juu ya nguo zilizolowa, yeye ndo aliyeprotesti. Akaanza kusogeza kiboti chake kwa kidole, hapa upepo, hapa mimi, hapa yeye, akakisogeza tena, akanyamaza. Akarudisha vyote viwili nyuma, akasogeza upya polepole. Halafu akasema "Kumbe mimi ndo nilikuwa joshini." Hakuna aliyemuuliza kitu bado. Tukamfuta yeye kwenye ile resi kwa sababu ndivyo kanuni inavyosema, aliyeprotesti naye anaweza kuondoka na adhabu, na yule mvulana aliyeitwa akamsaidia kubeba dagabodi, ule ubao wa chini ya boti, kwenda stoo. Dada yangu, huo ndo ugomvi unaomkataza mwanao.

Nyumbani mnaweza kufanya hivyohivyo kwa visoda viwili na kalamu ya kuwa upepo. Mwambie akuelezee ilivyokuwa siku ile aligongwa. Usimpe jibu, muulize tu upepo ulikuwa unatoka wapi na nani alikuwa wapi.

Haya, OCS. Maana yake wakati ishara ya kuanza inatolewa mwanao alikuwa ameshapita mstari wa kuanzia na hakurudi kuanza upya. Kwa hiyo hata angemaliza wa kwanza, kwa kamati yeye hajaanza. Pointi 15 zimetoka wapi? Matanga yanahesabiwa kinyume na ligi, wa kwanza pointi 1, wa pili 2, wa tatu 3, mwenye chache ndo mshindi, na ambaye hakuanza, hakumaliza au kafutwa anapewa idadi ya boti zote zilizojiandikisha ongeza 1. Bila shaka mlijiandikisha boti 14. Lakini usilie nayo sana maana kwa kawaida matokeo mabaya kuliko yote yanatupwa, tuseme mwanao kwenye resi 6 kapata 5, 4, 15, 6, 3, 5, ile 15 inatupwa anabaki na 23. Karatasi ya mashindano itasema wanatupa mangapi na baada ya resi ngapi, angalia.

Sasa kwa nini ilimtokea, hapa nataka nikae kidogo maana kuanza ndo nusu ya resi. Kunaendaje: mstari wa kuanzia hauonekani, ni mstari wa kufikirika kati ya mlingoti wa boti ya kamati wenye bendera ya rangi ya chungwa na boya au bendera upande wa pili. Zikibaki dakika 5 inapanda bendera ya daraja lao, yaani ya aina ya boti zao, na honi moja. Zikibaki 4 inapanda bendera ya maandalizi na honi, hapo wako kwenye resi rasmi, kanuni zote za mwendo zinawahusu na kochi akae mbali. Ikibaki dakika 1 bendera ya maandalizi inashuka na honi ndefu. Sifuri, bendera ya daraja inashuka, honi, nenda. Kinachohesabika ni bendera sio honi, upepo unaweza ukapeleka sauti kwingine, kwa hiyo macho kwenye bendera na saa ya mkononi ianzishwe kwenye ile ya dakika 5, na asahihishe kwenye ya 4.

Kama kuna boti zimewahi, kamati inapiga honi moja zaidi na kupandisha bendera X, nyeupe yenye msalaba wa buluu, na inabaki juu mpaka wote waliowahi warudi au mpaka dakika 4 zipite. Mwanao hakugeuka kuangalia nyuma, nina hakika, watoto wote wakisikia honi wanatazama mbele. Kuanzia leo afundishwe: honi ya kuanza, sukuma kana (mpini wa usukani), vuta kamba, geuza shingo uangalie boti ya kamati. Akiiona X na ana wasiwasi ni yeye, arudi, boti nzima iingie nyuma ya mstari halafu aanze tena, na wakati anarudi hana haki kwa yeyote, awapishe wote. Atapoteza sekunde 20 hivi, ambazo ni nafuu kuliko pointi 15. Wakiwa wengi waliowahi mpaka kamati haijui nani ni nani, inapanda bendera ya pembetatu ya buluu yenye njano katikati na honi mbili, wote mnarudi kuanza upya.

Kitu kingine, inayohesabiwa ni bodi ya boti tu, toka toleo la 2021 tanga au mti wake ukizidi mstari sio kosa. Na bendera ya maandalizi ina aina zake na lazima azijue kwa rangi. Ya buluu yenye mraba mweupe ni ya kawaida. Ya njano yenye duara jeusi, akiwa mbele ya mstari kwenye dakika ya mwisho lazima arudi kwa kuzunguka ncha ya mstari, kwenye boya au kwenye boti ya kamati. Ile ya vyumba vinne vyekundu na vyeupe, inaitwa U, akionekana ndani ya pembetatu ya mstari na boya la kwanza kwenye dakika ya mwisho kafutwa, ila resi ikianzishwa upya anarudi bila doa. Nyeusi ni hatari zaidi, hata ikianzishwa upya yeye hayumo. Watoto wakianza kuwahi-wahi kamati hupandisha U, na mimi naipenda kuliko nyeusi, mtoto kakosea mara moja kwa wenge la umati, mwache ajaribu tena.

Na maji! Sisi wa pwani hii tuna bamvua ambapo tofauti ya maji kujaa na kupwa inapita mita 3, na maji yanayokimbia hayaoni mstari wa kamati. Siku maji yanaposukuma kuelekea joshini, mtoto aliyesimama mita 5 nyuma ya mstari ametulia kabisa tanga linapepea, dakika moja baadaye yuko mbele ya mstari na hajafanya chochote. Angalia tarehe ya siku ile kwenye jedwali la maji, sitashangaa ukikuta ilikuwa bamvua. Dawa yake ni kwenda kwenye mstari mapema, kusimama karibu na boya na kuangalia maji yanavyolipita boya, yanachora mkia kabisa nyuma yake. Watoto wa wavuvi wanafanya hivyo bila kuambiwa.

Siku yenyewe inaendaje, hili nalipita haraka. Asubuhi kujiandikisha na ukaguzi wa boti: laifu jaketi yenye filimbi iliyofungwa, kopo la kutolea maji botini lililofungwa kwa kamba, kasia dogo lililofungwa, maputo matatu ya hewa yasiyovuja, mlingoti uliofungwa usichomoke boti ikipinduka, na kamba ya kuvutwa inayoelea, kipande kimoja kisichopungua mita 8, unene usiopungua milimita 5. Hiyo kamba ndo wanakosea wengi, wanaunga vipande viwili. Halafu kikao cha mabaharia, akae mbele, aulize. Klabu nyingi zina vibao vya namba, mtoto anachukua chake akishusha boti na anakirudisha akitoka, akisahau anaadhibiwa na ni haki, maana kibao kisiporudi kuna watu wazima wanaanza kumtafuta baharini. Bendera ya mistari myekundu na myeupe ya kusimama ni kuahirisha, ikishushwa inabaki dakika 1 tu kabla ya ishara ya kwanza kwa hiyo asiwe anachezea mbali anakula biskuti.

Na kusukuma boti kwa mwili, kuyumba-yumba, kupampu tanga, ni kosa, upepo na mawimbi ndo viendeshe. Kwa kosa hili tu mashindano mengi yana majaji majini, wakimwona wanapiga honi na kumwonyesha bendera ya njano na kutaja namba yake, hapo mizunguko miwili mara moja bila kubishana.

Wewe sasa. Kitabu kinakuhesabu mzazi kama mtu wa kumsaidia mshindani na kanuni zinakubana, ukifanya vurugu adhabu inaweza kumwangukia yeye. Resi ikianza msaada wa nje ni marufuku, kwa hiyo kusimama kwenye gati unapiga kelele "geuza, geuza sasa!" ni kumvunjia kanuni mwanao mwenyewe. Isipokuwa hatari: mtoto akiumia au akizidiwa kila mtu anaruhusiwa kumsaidia, na mwanao mwenyewe akiona mwenzie yuko hatarini anatakiwa aache resi akamsaidie kadiri anavyoweza, halafu anaweza kuiomba kamati imfidie nafasi aliyopoteza. Chumba cha protest wengi wanaruhusu mtu mzima mmoja kukaa akisikiliza bila kusema neno, ukiruhusiwa kaa, mikono mapajani. Akitoka usianze na "wamesemaje", mpe taulo kwanza.

Umeuliza pia viatu. Avae vya kubana vyenye soli, chini pale kuna vipande vya makombe na ncha za matumbawe. Mafuta ya jua apakwe kabla hajavaa jaketi, na nyuma ya masikio. Maji ya kunywa lita moja na nusu, chupa ifungwe kamba ndani ya boti, maana kutupa takataka baharini ni kosa kwenye kitabu hichohicho na chupa ikiponyoka wimbi la kwanza tu linaondoka nayo.